Nani humpelekea mkubwa habari mbaya?

Mkurugenzi mpya akiteuliwa, jambo la kwanza analoligusa ni muundo. Idara zinaunganishwa, vitengo vinapewa majina mapya, chati ya madaraka inachorwa upya na kubandikwa ukutani, na zabuni ya mfumo mpya wa kompyuta inatangazwa. Miaka miwili baadaye mafaili yanalala palepale yalipokuwa yakilala, na mwananchi aliyesimama dirishani anaambiwa lilelile la njoo kesho. Lawama zinazotolewa tunazijua: uvivu, mshahara mdogo, siasa. Ninachodai hapa ni kwamba tunakipita kitu kilicho karibu zaidi na macho yetu, yaani namna watu wa ofisi ile wanavyosemezana tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nani hufungua mdomo kwanza kikaoni, na nani husubiri aone upepo unavuma upande gani. Karani aliyeona hesabu zimekosewa humwambia nani, na kwa maneno gani. Mkubwa akiletewa habari mbaya huuliza imetokeaje, au huuliza nani kafanya. Mambo haya madogo hayamo katika mpango mkakati wa taasisi yoyote, lakini ndiyo yanayoamua taarifa ipi itafika juu na ipi itafia njiani, na ofisi isiyopata taarifa za kweli haiokolewi na chati.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka mahali ambapo maneno ya kazini hurekodiwa, nako ni chumba cha marubani. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye ukungu katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake. Alianza kuikimbiza ndege kabla ya kupata kibali cha kuruka. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka kwenye njia. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakuuliza tena. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United ilizunguka karibu na Portland, jimboni Oregon, kwa muda wa saa nzima hivi huku rubani mkuu akihangaika na hitilafu ya magurudumu. Wasaidizi wake wawili walilitaja suala la mafuta zaidi ya mara moja, lakini walilitaja kwa sauti ya kupasha habari, wala hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba wasipotua sasa wataanguka. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, na watu 10 wakafa. Ndege ile haikuwa na ubovu wa kuiangusha, wala hapakuwa na mtu asiyejua kazi yake. Maarifa ya kuwaokoa yalikuwamo chumbani humo humo, hatua moja kutoka kwenye kiti cha mwamuzi, yakashindwa kuvuka.

Wachunguzi wa Marekani walimlaumu rubani wa Portland kwa kutofuatilia mafuta, kisha wakaongeza jambo lililokuwa geni wakati ule: kwamba wenzake hawakumfikishia wasiwasi wao kwa uzito uliotakiwa. Shirika la anga la NASA likaitisha semina mwaka 1979, na kufikia mwaka 1981 kampuni ya United ilikuwa imeanza kuwafunza marubani wake namna ya kuzungumza wakiwa kazini. Mafunzo ya aina hiyo leo ni lazima kwa marubani wa mashirika ya abiria karibu kote duniani. Msaidizi hufundishwa kupandisha maneno ngazi kwa ngazi. Ataje anachokiona, kisha aseme kwamba ana wasiwasi, kisha apendekeze la kufanya, na mambo yakizidi, atoe amri au ashike usukani mwenyewe. Rubani mkuu naye hufundishwa upande wake, na huo ndio mgumu zaidi. Kabla ya safari awaombe wenzake kwa kinywa chake wamwambie wakiona kosa, na akiambiwa, asimtazame aliyemwambia kwa jicho la kuudhika. Inashangaza kidogo kwamba sekta inayotumia mitambo ya bei kubwa kuliko sekta nyingi iliamua kuwekeza katika jambo ambalo wahasibu wengi wangeliita porojo.

Afrika Mashariki tuna funzo letu wenyewe, tena la uchungu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi, ikaanguka muda mfupi baada ya kupaa. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Taarifa ya uchunguzi ya Kameruni, iliyotoka mwaka 2010, ilitaja kwanza kwamba marubani walipoteza hisia ya mwelekeo katika giza lisilo na kitu cha kutazamia nje, na ndege ikawa inalala upande mmoja polepole bila wao kutambua. Lakini taarifa ile haikuishia hapo. Iliweka miongoni mwa sababu zilizochangia uratibu duni baina ya marubani wawili, kutofuata taratibu za kufuatilia vyombo, na mkanganyiko kuhusu mtambo wa kujiendesha. Rubani mkuu alitamka neno ambalo kwa kawaida huitikiwa kwa kuuwasha mtambo ule. Hakuitikiwa, mtambo haukuwaka, wala hakuna aliyeuliza mbona kimya. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Sisemi kwamba tofauti ya umri iliiangusha ndege, na marehemu hawapo kujitetea. Ninasema kwamba wachunguzi waliokuja kutafuta sababu za kiufundi walijikuta wakiandika kuhusu maneno yaliyosemwa na yale yasiyosemwa, kama walivyofanya wenzao wa Tenerife miaka thelathini kabla yao.

Hapa hutokea watu wawili wenye hoja zinazogongana. Wa kwanza husema ukimya huo ni ugonjwa wa utamaduni wetu. Mwafrika amefunzwa kumwogopa mkubwa, basi tuige wazungu. Wa pili husema hilo ndilo linalotutisha, kwa kuwa vijana wakifundishwa kuwakosoa wakubwa, heshima itatoka mlangoni na nidhamu ya kazi itaifuata. Wote wawili wamekosea, ingawa wa pili ana jambo la kusikilizwa. Huyo wa kwanza akumbuke kwamba rubani wa Tenerife alikuwa Mholanzi, mtu wa taifa linalosifika kwa kusema bila kuzunguka, na wale wa Portland walikuwa Wamarekani. Cheo hunyamazisha watu popote kilipo. Huyo wa pili atazame heshima yetu inavyofanya kazi hasa. Mkurugenzi wa miaka 38 akimkuta getini mlinzi aliyemzidi miaka 20, mila inamtaka mkurugenzi ndiye aseme shikamoo, na yule mzee amwitikie marahaba. Ina maana kwamba adabu yetu ya asili haikufungwa na cheo cha kazi. Inampa mtu hadhi yake hata akiwa wa mwisho kwenye orodha ya mishahara. Tena Kiswahili kimejaa njia za kumwambia mkubwa ukweli bila kumvunjia heshima: naomba kukukumbusha mzee, samahani bosi kuna jambo sijalielewa, kwa ruhusa yako mama tuliangalie hili tena. Woga tunaouona maofisini, wa kugonga mlango kwa kidole kimoja na kutoka kinyumenyume, sioni kwamba tumeurithi kwa mababu. Ninaona zaidi kivuli cha ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni na cha nyapara wa shamba la mkonge, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa na kupiga kelele.

Wafanyakazi wa Tanzania waliwahi kuukataa unyapara huo kwa vitendo, na ni ajabu kwamba historia hiyo haitajwi sana tunapojadili utawala bora. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata chama cha TANU kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea. Ilikuwa ibara fupi katika hati ya chama, lakini viwandani ilipokewa kama sheria. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi waligoma, wakawafungia mameneja nje ya malango, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, mwaka 1973, wakashika uendeshaji wenyewe. Issa Shivji, katika kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania kilichotoka mwaka 1976, alionyesha jinsi madai ya kipindi kile yalivyohama kutoka kwenye mishahara na marupurupu kuelekea kwenye unyanyasaji na dharau za mameneja. Watu waliacha mashine kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Serikali ilipoona moto unasambaa iliuzima, na mabaraza yakabaki vyombo vya kutoa ushauri, vinavyokutana kwa ratiba na kusoma taarifa zilizokwisha kuandaliwa na uongozi. Kosa la waliobuni mabaraza, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba mtu anayetukanwa Jumatatu hadi Ijumaa ataweza kuzungumza kama mwenye nyumba siku ya kikao cha baraza.

Wasomaji wengi watakuwa wanatikisa kichwa: maneno matamu hayanunui dawa wala hayalipi kodi ya nyumba. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku hahitaji mafunzo ya mazungumzo. Anahitaji wenzake watatu. Pingamizi hili ni zito, na sitajaribu kulipuuza, maana nimekwisha kuona makala za aina hii zikigeuka kuwa kisingizio cha kutowalipa watu. Lakini ushahidi bora nilionao wa kulijibu unatoka Ifakara. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, katika hospitali nane za miji minane. Orodha ya miji hiyo ilikuwa na London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara, mkoani Morogoro, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kilichojaribiwa ni karatasi moja yenye mambo 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Mengi kati ya hayo ni ya kitabibu, kama kuhakikisha dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa kwa wakati na kwamba kipimo cha oksijeni kinafanya kazi. Ila kabla ya kukata, karatasi inamtaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, mpasuaji aeleze anachohofia, mtaalamu wa usingizi aeleze chake, na muuguzi aseme kama vifaa viko salama. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Utafiti huo haukuwa na hospitali za kulinganishia kwa wakati uleule, na wataalamu wamelisema hilo mara nyingi. Wala siwezi kudai kwamba kujitambulisha kwa majina ndiko kulikookoa maisha na dawa hazikuhusika. Mambo hayo yaliingia pamoja. Hata hivyo, fikiria kwa nini wabunifu wake walijisumbua kuweka majina kwenye karatasi ambayo kila mstari wake uligombaniwa. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja mbele ya wenzake, hata kama ni kwa kutaja jina lake tu, huona ni rahisi kusema tena pale anapoona sponji moja haipo kwenye hesabu. Muuguzi ambaye mpasuaji hajui jina lake ana sababu nyingi za kuamua kwamba huenda amehesabu vibaya yeye. Na hapo ndipo pingamizi la umaskini linapogeuka. Hospitali isiyo na akiba ya damu, isiyo na mtambo wa pili wala daktari wa pili wa kuitwa usiku, ndiyo isiyoweza kumudu kosa lililoonekana na mtu akanyamaza. Tajiri ana nafasi ya kukosea mara mbili.

Yapo matokeo yanayonipinga waziwazi, nayo ni ya Kanada. Jimbo la Ontario lililazimisha hospitali zake kutumia orodha ya aina hiyo, na mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya hospitali 101. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ndogo isiyoweza kuhesabiwa kuwa mafanikio. Hospitali zenyewe zilikuwa zimeripoti kwamba orodha inatumika karibu katika kila upasuaji. Mtu anaweza kusema basi, hadithi imekwisha. Mimi nayasoma matokeo hayo kama onyo ambalo mtumishi yeyote wa umma wa kwetu anaweza kulielewa upesi, kwa sababu tunaijua fomu inayojazwa yote alasiri ya siku ya mwisho. Amri ilishuka kutoka juu, visanduku vikatiwa alama, na hakuna aliyeweza kukagua kama watu walitazamana na kusemezana. Miaka mitatu baadaye ulitoka utafiti mwingine wa jimbo la South Carolina, Marekani, ambako hospitali 14 zilijiunga kwa hiari na kumaliza mpango mrefu wa kuwafunza watu wao, uliotilia mkazo mazungumzo ya timu. Vifo baada ya upasuaji vilipungua kwao kwa asilimia 22 zikilinganishwa na hospitali nyingine za jimbo hilo. Ni kweli kwamba anayejiunga kwa hiari huenda alikuwa bora tangu mwanzo. Hata tukiliondoa hilo, karatasi ya Ontario na ya South Carolina zilikuwa za ukoo mmoja, na matunda hayakufanana.

Tanzania tuliujaribu mtihani huohuo bila kuuita utafiti. Mwaka 2004 serikali ilianzisha OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi wa watumishi, kuchukua nafasi ya zile taarifa za siri, ambamo mkubwa aliandika sifa na dosari za mtumishi bila yeye kuziona. Nia ilikuwa safi kabisa: mkuu na mtumishi wake wakae, wakubaliane malengo ya mwaka, wakutane katikati ya mwaka, na mwisho wazungumze ana kwa ana kuhusu alama. Ulikuwa mfumo wa mazungumzo uliovishwa fomu. Kila aliyefanya kazi serikalini katika miaka hiyo anajua kilichobaki: fomu, iliyojazwa na mtumishi mwenyewe zikikaribia siku za kupandishwa vyeo, ikapelekwa kusainiwa pamoja na mafaili mengine. Sasa tumehamia kwenye mfumo wa kompyuta unaotaka kazi ziingizwe na kuhakikiwa kwa wakati, na utakuwa bora kwa jambo moja, nalo ni kwamba tarehe haziwezi kughushiwa kirahisi. Kwa jambo jingine hautasaidia. Kompyuta haiwezi kumfanya mkuu wa idara amwambie afisa wake pale alipopwaya na kumsikiliza akieleza kwa nini, na wala haiwezi kumfanya afisa aseme kwamba lengo lile lilikuwa haliwezekani tangu siku lilipoandikwa.

Ugumu mwingine ni kwamba ofisi yenye mazungumzo mabaya huonekana nzuri kutoka nje. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Matokeo aliyochapisha mwaka 1996 yalikuwa kinyume: wodi zenye uhusiano mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake, baada ya kuchunguza zaidi, ni kwamba wodi hizo hazikukosea zaidi, zilisema zaidi. Kwingine makosa yalifukiwa. Waswahili wanayo siasa nzima ya jambo hilo katika maneno manne, funika kombe mwanaharamu apite, na katika ndoa au ujirani pengine yana hekima yake. Kwenye duka la dawa la hospitali ni hatari. Mkaguzi anayefika wilayani na kukuta kituo hakijaripoti kosa hata moja kwa mwaka mzima angepaswa kuingiwa na shaka. Kwa kawaida huandika hongera. Na msimamizi aliyewazoesha watu wake kuleta matatizo mapema hujikuta akionekana mbele ya wakubwa zake kama mtu mwenye kitengo cha matatizo. Tukipima viongozi namna hiyo, tunawalipa kwa kuziba masikio.

Lakini si watu wanaongea mno tayari? Vikao havina mwisho, umbea umejaa korido, chai ya saa nne inafika saa tano na nusu, na kundi la WhatsApp la idara linalia hadi usiku wa manane. Kuhusu vikao nakubali bila ubishi. Kikao ambacho mwenyekiti anasema dakika hamsini, kisha anauliza kama kuna swali huku akifunga daftari, hakiongezi mazungumzo kazini, kinayapunguza. Kuhusu chai nitakataa. Julian Orr alifuatana na mafundi wa mashine za kunakili za kampuni ya Xerox, na katika kitabu chake cha mwaka 1996 alieleza kwamba mashine nyingi sugu hazikutengenezwa kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Zilitengenezwa kwa hadithi ambazo mafundi walisimuliana wakila: mashine fulani ilionyesha kosa hili kumbe ubovu ulikuwa kule. Kampuni iliona watu wanapoteza muda mezani, kumbe ndipo maarifa ya kazi yalipokuwa yakitunzwa na kurithishwa. Mafundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wala hawahitaji kitabu kuwaambia hilo. Kuhusu umbea, nao una asili yake. Pale ambapo mtu hawezi kuuliza waziwazi kama kweli kitengo chake kinavunjwa, atauliza pembeni, na jibu la pembeni litakuwa baya kuliko ukweli. WhatsApp imeongeza jambo jipya tu: mkubwa anaandika, watu thelathini wanajibu sawa bosi na alama ya mikono iliyounganishwa, na yeye anadhani ameshauriana na wafanyakazi wake.

Limebaki suala la mamlaka. Kazi nyingine hazingoji mjadala. Moto ukiwaka kamanda wa zimamoto hapigishi kura. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wa ndege unafaa. Miaka zaidi ya arobaini ya mafunzo yale haikumwondolea rubani mkuu madaraka yake. Bado yeye ndiye anayeamua na kuwajibika. Kilichobadilika ni kiasi cha mambo anayoyajua anapoamua. Mkuu anayehofia kwamba akikosolewa hadharani atapungua, ajiulize kama anapendelea kukosolewa na msaidizi wake asubuhi au na tume ya uchunguzi mwaka kesho. Sisemi pia kwamba kila anayesema ana haki. Yapo majungu yanayojivika ukweli, na yupo mfanyakazi mvivu anayeita kila maagizo uonevu. Mkuu mwenye masikio huwagundua hao mapema zaidi, kwa sababu ana wengine wa kuwauliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma, na kwa bodi za mashirika na za hospitali binafsi vilevile. Kabla ya kuidhinisha muundo mwingine, mwulizeni kila mkuu wa taasisi maswali matatu, na majibu yake yathibitishwe na watumishi wa chini yake bila yeye kuwapo. Ni jambo gani baya aliloletewa na mtu wa chini mwezi uliopita? Alibadilisha nini kwa sababu hiyo? Na aliyelileta yuko wapi sasa, bado yuko mezani pake au amehamishwa? Maswali haya hayahitaji bajeti, mshauri elekezi wala safari ya kujifunza nje ya nchi. Mkuu asiye na jibu la swali la kwanza asipewe alama za juu kwa utulivu wa ofisi yake. Na yule ambaye jibu lake la tatu ni uhamisho, asipandishwe cheo.